Mwongozo kamili: Kuchapa ukuta wako wa kwanza kwa printa ya zege bila kuporomoka

Tangu mwaka jana watu mnanitumia picha za kuta zilizolala chini, na karibu zote zinafanana. Leya (matabaka) nane au tisa zimekaa vizuri, halafu katikati tumbo limetoka, halafu rundo la udongo kwenye jamvi (sakafu ya zege). Na swali ni lile lile: "nibadilishe nini kwenye programu?"

Mara nyingi programu haina kosa. Printa kazi yake ni kutembea tu, inapeleka nozo (mdomo unaotoa udongo) pale ulipoiambia. Kinachosimama ni udongo (naita udongo kama mafundi wetu wanavyouita mchanganyiko wa saruji na mchanga), na udongo unaharibiwa na maji usiyoyapima. Kwa hiyo huu mwongozo robo tatu ni mchanga, maji na pampu, mashine yenyewe nitaipitia haraka.

Lengo letu ni dogo na linapimika: ukuta unaozunguka kwa umbo la mstatili, mita 1 kwa sentimita 40, kona zimezungushwa kwa nusukipenyo ya sentimita 10, unene sentimita 4, kimo sentimita 30. Leya 20 za milimita 15 kila moja. Ukiweza huo mara 3 mfululizo ndio uanze kufikiria kitu kikubwa. Huu ukuta ni wa majaribio, hauna nondo, mtu asikae wala asiegemee.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujafungua mfuko wa saruji, maana ukishaweka maji saa inaanza kuhesabu na hakuna muda wa kutuma mtu dukani.

Mashine na umeme:
- Printa ya fremu (gantri) yenye nafasi ya kutosha ukuta wetu, na nozo ya duara ya milimita 30
- Pampu ya skrubu yenye rota (skrubu inayozunguka) na steta (ala ya mpira inayoizunguka), kama ile ya mashine za kupigia plasta, pamoja na inveta ya kupunguza na kuongeza mwendo
- Mpira wa presha wa mita 6, kipenyo cha ndani milimita 25, na viunganishi vyake
- Kitufe cha dharura kinachozima pampu NA printa kwa pamoja, sio kimojawapo

Malighafi kwa mkupuo mmoja (utahitaji mikupuo 2, kwa hiyo zidisha):
- Saruji daraja la 42.5, kilo 25, yaani nusu mfuko
- Mchanga uliochekechwa na kukauka, kilo 30
- Maji safi, lita 9
- Dawa ya kulainisha zege (supaplastisaiza), kipimo kama lebo inavyosema, ila anza na kile cha chini kabisa
- Nyuzi za polipropilini za milimita 6 au 12, gramu 30
- Bentonaiti (unga wa udongo wa mfinyanzi) gramu 250. Ulizia kwa wachimba visima, wao wanaitumia kila siku

Vya mkononi: mizani ya kilo 50 na mizani ndogo ya jikoni, ndoo za kutosha, mashine ya mkono ya kukorogea, kipande cha bomba la PVC la inchi 4 kilichokatwa urefu wa sentimita 10, pima maji, rula ya chuma, saa ya simu, nailoni pana, magunia. Na vya kujikinga: miwani, glovu za mpira, buti, barakoa ya vumbi. Saruji mbichi inaunguza ngozi na macho, unaweza usisikie kitu hadi jioni, kwa hiyo usiseme leo ni kidogo tu.

## Hatua ya 1: Sehemu ya kazi

Tafuta kivuli. Turubai juu na turubai upande upepo unakotokea. Ukuta wa kawaida wa zege unafichwa na mbao mpaka ushike, huu wa kuchapa uko wazi pande zote tangu sekunde ya kwanza, jua na upepo vinaunyonya maji kabla saruji haijayatumia. Sisi tunaanza saa 12 asubuhi na tunahakikisha saa 4 tumeshamaliza kuosha.

Jamvi liwe sawa. Weka pima maji kila nusu mita kwenye njia ambayo nozo itapita, tofauti isizidi milimita 3. Sababu ni kwamba leya yetu ni milimita 15 tu, jamvi likishuka milimita 8 mahali fulani, pale nozo itakuwa inadondosha udongo kutoka juu badala ya kuubana, na leya ya kwanza ikipinda zote zinafuata. Lowanisha jamvi dakika 10 kabla, lisiwe na maji yaliyotuama, liwe na ubichi tu.

Na angalia yuniti za Luku. Naandika hivi kwa sababu imetokea kwa zaidi ya mtu mmoja, yuniti zimeisha kwenye leya ya 12 mpira ukiwa umejaa.

## Hatua ya 2: Mchanga, hapa ndipo wengi mnaangukia

Tumia mchanga wa mto, wa pwani wenye chumvi uache kabisa, kwa sababu ukizoea mchanganyiko wenye chumvi siku utakapoweka nondo zitaliwa na kutu.

Chekecha. Pitisha kwenye wavu wa waya wa madirishani, ule wa kuzuia mbu. Unachotaka ni mchanga usiozidi milimita 2. Punje moja ya kokoto inayoingia kwenye steta inachana mpira wa ndani, na zikikusanyika tatu kwenye nozo zinaegemeana zinaziba, presha inapanda nyuma yake.

Pima tope. Chukua chupa ya plastiki ya maji, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa sana, iache masaa 3. Tope litakaa juu kama tabaka la rangi nyingine. Likizidi sehemu 8 kwa 100 ya kimo cha mchanga, osha au tafuta mchanga mwingine. Tope linakunywa maji yako na kesho yake linakupa nyufa.

Pima unyevu. Hii naomba uifanye hata kama huna haraka ya kuielewa. Pima kilo 1 ya mchanga kama ulivyo, mimina kwenye sufuria, weka kwenye jiko, koroga mpaka usione mvuke na punje ziwe zinatiririka, halafu pima tena. Tuseme imerudi gramu 950. Maana yake kila kilo uliyokuwa unaweka kwenye mchanganyiko ilikuwa na gramu 50 za maji.

Sasa piga hesabu. Ili upate kilo 30 za mchanga mkavu unatakiwa upime kilo 31.6 za huo mbichi, na ndani yake kuna lita 1.6 za maji. Kwa hiyo maji ya kumimina sio lita 9 tena, ni lita 7.4. Ukimimina 9 kama kawaida umezidisha karibu sehemu 18 kwa 100, na hapo hakuna ukuta utakaosimama, hata uwe na mashine ya gharama gani.

Sisi ilitukuta hivyo hivyo. Ijumaa tulichapa leya 20 safi kabisa, Jumamosi usiku ikanyesha, rundo la mchanga lilikuwa limefunikwa juu lakini maji yakapita chini, Jumatatu tukapima vile vile kilo kwa kilo na ukuta ukalala leya ya 9. Tulikaa siku nzima tunahangaika na mipangilio ya printa, kumbe tatizo liko kwenye rundo. Tangu siku hiyo mchanga tunauanika kwenye turubai siku moja kabla, tunauweka kwenye mifuko, na bado asubuhi tunakaanga ile kilo 1.

Umepatia kama: mchanga ukiubana kwenye ngumi halafu ukafungua unamwagika wote, haushikani.

## Hatua ya 3: Endesha printa ikiwa kavu

Kwenye programu ya kukata leya weka upana wa mstari milimita 40, kimo cha leya milimita 15, mwendo milimita 30 kwa sekunde. Washa ile mode ya kupanda mzunguko bila kuacha, wanayotumia watu kuchapa vesi, ili kusiwe na sehemu ya kuanza na kuishia kila leya. Pampu ya udongo haizimi papo hapo kama printa ndogo ya plastiki, ukiizima inaendelea kutoa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo njia iwe moja tu isiyokatika. Rudisha-nyuma (retraction, ile ya kuvuta malighafi irudi ndani ya nozo) izimwe. Chini pasiwe na leya ya kujaza.

Kona zizungushwe. Kona kali inarundika udongo upande wa ndani na kuuchana upande wa nje.

Kama umeunganisha pampu kwenye mota ya kusukumia na unatumia Marlin (programu ya ndani inayoendesha printa), itagoma kusukuma kwa sababu inaona nozo haina joto, andika M302 P1 mwanzoni mwa faili. Kama pampu yako inaendeshwa na inveta pembeni hii haikuhusu.

Sasa funga kalamu ya maka kwenye nozo, tandika karatasi, endesha leya 2. Halafu inua na uiache itembee leya zote 20 hewani huku unaangalia mpira: haukwami, hauvuti nozo, hauburuzi pale ukuta utakapokuwa. Bonyeza kitufe cha dharura mara moja makusudi uone kweli vyote viwili vinazima.

Umepatia kama: mistari miwili ya kalamu imelaliana, na mzunguko mmoja unachukua sekunde 88 hivi (njia ni mita 2.63). Ukiona sekunde 60 au 110 kuna kitu kwenye mipangilio ya mwendo hakiko sawa, rekebisha sasa hivi.

## Hatua ya 4: Kuchanganya

Kabla ya vipimo, kwa nini tunahangaika na mchanganyiko wetu badala ya kununua ule wa mfuko uliotengenezwa tayari kwa printa? Bei. Mfuko wa kuagiza nje unameza faida yote ya mashine. Kule Oman chuo cha GUtech walichapa nyumba ya mita za mraba 190 na karibu kila kitu kwenye mchanganyiko, asilimia 99.5, kilikuwa cha pale pale nchini, dawa tu ndio ilitoka nje. Njia hiyo ndiyo inayotufaa na sisi. Ila ukiamua kutumia mchanga wako mwenyewe, kazi ya kupima ambayo kiwanda kilikuwa kinakufanyia sasa ni yako.

Fuata mpangilio huu:

1. Changanya vikavu kwanza: saruji, mchanga, bentonaiti. Dakika 2. Rangi iwe moja, usione mistari. Barakoa usoni.
2. Mimina dawa kwenye maji, koroga. Usimwage dawa moja kwa moja kwenye saruji kavu, itakunywewa mahali pamoja.
3. Weka robo tatu ya maji, koroga dakika 2. Utaona kama mchanga mnyevu tu na utashawishika kuongeza maji. Usiongeze. Dawa inachukua muda kuamka.
4. Weka maji yaliyobaki kidogo kidogo, koroga dakika 3.
5. Nyuzi mwisho, ukizinyunyiza kwa vidole huku mashine inakoroga. Ukizitupa kwa pamoja zinafanya vifundo na kifundo kimoja kinatosha kuziba nozo.

Siku ya joto kali weka barafu kwenye maji, ila barafu ipimwe, ni sehemu ya zile lita 9.

Bentonaiti na nyuzi wengi mnaziruka kwa sababu hazipatikani dukani kirahisi. Bila nyuzi utachapa ila kesho yake nyufa zitakuwepo. Bila bentonaiti udongo unatoka laini vizuri lakini haujikazi ukishatulia, na sisi tunataka vyote viwili, upite kwenye mpira kama uji na ukishatua pale usimame.

Onyo: udongo ukianza kukaza kwenye ndoo usiurudishie maji. Unalainika machoni lakini nguvu imeshapungua. Umwage.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa mkono kabla ya pampu

Dakika 3 tu hapa zinakuokolea asubuhi nzima.

Simamisha kile kipande cha bomba juu ya ubao, kijaze, sawazisha, kinyanyue taratibu. Udongo ubaki umesimama na ushuke chini ya sentimita 1. Gonga ubao mara 10: sasa unatakiwa utanuke. Ukigoma kutanuka kabisa ni mkavu mno kwa pampu. Ukishuka sentimita 3 kabla hata hujagonga, usiupeleke kwenye printa, utaanguka tu.

Halafu jaza udongo kwenye mfuko mzito wa nailoni, kata kona, finya kama anayepamba keki. Panga kamba 8 moja juu ya nyingine, urefu wa mkono. Zitazame kwa karibu, inama kabisa: pembeni mwa kamba kunatakiwa kuwe laini, na ule mstari kati ya kamba na kamba uonekane lakini usiwe na uwazi. Ukiona meno meno kama kingo za msumeno, ni mkavu. Ukiona kamba ya chini imepanuka mara mbili ya ya juu, ni teketeke.

Rekebisha kwa maji gramu 200 kwenye mkupuo unaofuata, juu au chini, sio kwa kukadiria na kopo.

## Hatua ya 6: Pampu na mpira

Pampu ya skrubu isizunguke kavu hata sekunde chache, steta ni mpira, inaungua. Weka maji kwanza, yazungushe, yatoe. Kisha lita 2 za uji mwepesi wa saruji na maji ili ulainishe kuta za mpira. Kisha udongo. Uji wote wa mwanzo upokee kwenye ndoo hadi uone udongo wenyewe umetoka na rangi haibadiliki, usiuache uingie kwenye ukuta maana leya ya chini ndiyo inabeba zote.

Sasa kulinganisha pampu na mwendo wa printa, na hapa hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Upana mara kimo mara mwendo: 40 × 15 × 30 ni milimita za ujazo 18,000 kwa sekunde, yaani mililita 18. Kwa dakika ni lita 1.08. Lita moja ya huu udongo ina uzito wa kama kilo 2.1, kwa hiyo nozo inatakiwa itoe kilo 2.3 kwa dakika 1.

Weka ndoo chini ya nozo, nozo ikiwa kwenye kimo chake cha kazi na mpira umekaa kama utakavyokaa wakati wa kuchapa, washa, hesabu dakika, pima. Rekebisha inveta, subiri sekunde 20 itulie, pima tena. Wengi mnapima mpira ukiwa umelala chini halafu mnaupandisha, presha inabadilika na kipimo chote kinakuwa cha uongo. Udongo wa ndoo urudishe kwenye hopa (pipa la pampu unapomiminia udongo) mara moja.

Umepatia kama: vipimo viwili mfululizo havijapishana zaidi ya gramu 100.

Hatari kubwa ya kazi nzima iko hapa. Mpira ukiziba, usifungue kiunganishi. Zima, zungusha pampu kinyumenyume, soma geji, ikifika sifuri gonga mpira uhakikishe umelegea, miwani machoni, geuza uso, ndio ufungue. Udongo wenye presha ukikupiga usoni unaweza kukutoa jicho. Kama pampu yako haina geji, nunua geji kabla hujanunua kitu kingine chochote.

## Hatua ya 7: Kuchapa

Wawe watu 3. Mmoja anachanganya, mmoja yuko kwenye hopa na inveta, mmoja anatazama ukuta na mkono wake uko karibu na kitufe cha dharura. Hakuna mtu kuingia ndani ya fremu ikiwa inatembea, hata kama ni kuokota kitu.

Anzisha pampu kwanza, nozo ikiwa nje ya ukuta juu ya kipande cha ubao, udongo ukitoka sawasawa ndio uanzishe printa.

Leya ya 1 isimamie kwa macho mwanzo hadi mwisho. Iwe na upana wa milimita 40, imebanwa kidogo na nozo, imeshika jamvi. Ukiona imepinda au imekatika simamisha, futa kwa mwiko, anza upya. Kufuta leya 1 ni dakika 5.

Hopa isishuke chini ya theluthi moja, ikishuka pampu inavuta hewa na utaona kamba inakohoa, inatoka nene halafu nyembamba halafu tundu. Kila leya inakula lita 1.6 hivi. Mkupuo wa kwanza (lita 29) ukitoa uliobaki kwenye mpira na uliomwagika kwenye vipimo unakufikisha leya ya 13 kwa makadirio, kwa hiyo mchanganyaji aanze mkupuo wa pili leya ya 6, aupime kwa bomba, na uwe unaingia kwenye hopa leya ya 10 au 11 huku wa kwanza bado haujaisha.

Leya ya 10 weka rula ya chuma kutoka kwenye jamvi hadi juu ya ukuta bila kuugusa. Isome milimita 147 hadi 150. Ikisoma 140, ukuta unakaa chini ya uzito wake na nozo sasa iko juu kuliko inavyodhani, kamba inadondoka badala ya kubanwa. Ongeza muda kwa kupunguza mwendo wa printa na pampu kwa pamoja, sio mmoja peke yake. Ikisoma 155 nozo inalima ndani ya udongo, pampu inatoa kupita kiasi, punguza inveta kidogo sana.

Umeme ukikatika hesabu. Ukirudi ndani ya dakika 10 lowanisha juu ya leya ya mwisho kwa chupa ya kupuliza maji, endelea. Ikipita hapo, achana na ukuta, okoa mpira na pampu, mwaga udongo wote uoshe. Ukuta wa majaribio unarudiwa, steta iliyogandiwa na saruji hairudiwi.

Umepatia kama: leya 20 zimesimama, kimo ni kati ya sentimita 29.5 na 30, na ukichungulia kwa usawa wa jicho upande mrefu wa mita 1 haujatoka tumbo.

## Hatua ya 8: Ukiporomoka, soma umeporomoka vipi

Msikimbilie kuzoa. Pigeni picha kwanza, ukitazama vizuri unajua sababu.

Leya za chini zimevimba kama mguu wa tembo, za juu bado nzuri: udongo ni laini au unapanda haraka kuliko unavyokaza. Punguza maji gramu 200, au ongeza muda wa mzunguko.

Leya zote zina umbo lake lakini ukuta mzima umeinama upande mmoja kama mtu aliyeegemea: udongo hauna kosa, umbo ndilo dhaifu. Upande mrefu ulionyooka ni mwembamba mno kwa kimo hicho. Weka zigizaga ndani inayounganisha pande mbili, ndio maana ukitazama kuta za kweli za kuchapwa kwa juu utaona mistari ya zigizaga katikati. Angalia pia kama upepo au mpira unasukuma.

Kamba inachanika juu juu: mkavu, au pampu inatoa kidogo kuliko mwendo. Pima ndoo kwanza kabla ya kuongeza maji.

Ulikuwa mzuri mkupuo wa kwanza, ukaharibika wa pili: hukupima sawa, au mchanga wa mfuko wa pili una unyevu mwingine. Rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 9: Osha, halafu funika

Pampu na mpira vioshwe ukuta ukiwa umeisha tu, hata picha zisubiri. Pitisha maji, kisha sukuma mpira wa sponji ndani ya hosi mara 2, kisha fungua steta uitazame ndani.

Ukuta ufunike kwa nailoni ndani ya nusu saa, iliyotundikwa kwenye fito ili isiuguse. Kesho yake asubuhi utakuwa mgumu, vika magunia yaliyolowa na rudisha nailoni juu. Mwagilia siku 7, asubuhi, mchana na jioni. Kwa huu ukuta mwembamba siku moja tu ya jua bila maji inatosha kuleta nyufa za kusimama, na hizo hazizibiki kwa kupaka.

## Kuutoa ukuta hadi kuwa nyumba

Printa inatoa kuta. Msingi, nondo, lenta, paa, milango, mabomba na nyaya vinabaki kwa mafundi. Shule iliyochapwa Salima, Malawi mwaka 2021 kuta zake zilichukua masaa 18 tu, lakini hayo ni masaa ya kuta peke yake. Na Kilifi, Kenya, kwenye ule mradi wa nyumba 52 wa Mvule Gardens, printa waliyotumia ni BOD2 ya COBOD kutoka Denmark, fremu kubwa inayofunika nyumba nzima, na bado paa na madirisha vilifungwa kwa mikono. Kwa hiyo mteja akikuuliza nyumba itachukua siku ngapi usimpe masaa ya kuchapa.

Kabla mtu hajalala ndani lazima mhandisi aliyesajiliwa achore nondo zinapita wapi na lenta inakaaje, na halmashauri itoe kibali. Mhandisi atataka namba, kwa hiyo kila mkupuo tengeneza vibonge vya mchemraba vya majaribio, 3 vya siku 7 na 3 vya siku 28, vipelekwe maabara vikaminywe. Mwambie pia kwamba vibonge vinaonyesha nguvu ya udongo tu, haviwezi kuonyesha jinsi leya zilivyoshikana.

Hiyo ya leya unaiona mwenyewe siku ya 28. Chukua nyundo nzito, miwani, piga ukuta wako katikati upande mrefu, halafu okota vipande uvitazame ulipovunjika. Ufa ukiwa umekata leya kwa leya, umepita popote unapotaka bila kufuata mistari, leya zako zimekuwa kitu kimoja. Vipande vikitoka vimebanduka bapa kama kurasa, na ukipitisha kidole juu yake pako laini, leya zilikuwa zimekauka kabla ya mwenzake kufika: funika vizuri zaidi upande wa upepo, fupisha mzunguko kwa sekunde 15, uchape mwingine.